Kadi za harusi Tanga: bahasha, maneno, karatasi na unyevu wa pwani

Anza na bahasha. Wengi huchagua mchoro kwanza, wakaupenda, wakachapa kadi mia mbili, kisha wakazunguka mji mzima wakitafuta bahasha ya umbo ambalo halipo dukani. Kadi ya A6, yaani milimita 105 kwa 148, huingia bahasha ya C6 (114 kwa 162). Kadi ya A5 (148 kwa 210) huingia C5 (162 kwa 229), au ikikunjwa katikati huingia C6 ileile. Kadi ndefu ya 99 kwa 210 huingia DL, ile bahasha ya barua za ofisini (110 kwa 220). Kadi ya mraba inapendeza sana, ila ukiitaka hiyo, hakikisha bahasha zake zimeshapatikana zote kabla hujachora mstari wa kwanza.

Nunua bahasha moja, ipime kwa rula, kisha punguza milimita 6 kwenye upana na 6 kwenye kimo. Hapo ndipo mwisho wa ukubwa wa kadi yako. Kama utafunga utepe au kamba, punguza milimita 10, kwa sababu fundo hunyanyua karatasi na bahasha huchanika pembeni wakati wa kuingiza.

Idadi nayo huhesabiwa kwa nyumba. Kamati ikisema wageni 300, na wengi wao ni mume na mke, kadi zinazohitajika huwa kama 170 hadi 190. Orodhesha majina, weka alama ya mtu mmoja au watu wawili mbele ya kila jina, jumlisha, kisha ongeza kumi katika kila mia: za kuharibika wakati wa kuandika majina, za wageni waliosahauliwa (hawakosekani), na mbili tatu za kuweka kumbukumbu nyumbani. Kurudi kiwandani kuchapa kadi kumi za nyongeza ni ghali, na rangi haifanani na ya mwanzo.

Maneno kabla ya mapambo

Andika maneno yote kwenye karatasi ya kawaida na uwasomee wazazi wa pande zote mbili kabla fundi hajafungua kompyuta. Migogoro mingi ya kadi si ya rangi. Ni ya jina la baba mdogo aliyelea, cheo kilichoachwa, au mama aliyeandikwa chini ya mtu asiyestahili kumtangulia.

Kwanza amua nani anaalika na anaalikia nini. Kwa harusi za Kiislamu hapa pwani, ndoa yenyewe hufungwa upande wa bibi harusi, nyumbani au msikitini, na walima huwa wa upande wa bwana harusi. Hizo ni kadi mbili zenye wenyeji wawili tofauti, hata kama zinachapwa siku moja kwa mtindo mmoja. Kwa harusi ya kanisani, kadi moja hubeba ibada na tafrija, lakini kila kimoja kiwe na mstari wake wa mahali na saa.

Mfano unaotosha:

*Familia ya Bw. na Bi. ______ wa Makorora, Tanga, inayo furaha kukualika wewe Bw./Bi./Bw. na Bi. ____________ katika walima ya kijana wao ______ na ______, binti wa Bw. na Bi. ______ wa Pangani, itakayofanyika siku ya Jumamosi, tarehe ______, saa 2:00 usiku, katika ukumbi wa ______. Kadi hii ni ya watu wawili. Majibu kwa: ______.*

Mzazi aliyefariki huandikwa na neno "marehemu" mbele ya jina lake, na hawekwi kama mwalikaji. Kwa hiyo sentensi ianze na aliye hai: "Bi. ______ anayo furaha kukualika katika harusi ya kijana wake ______, mtoto wa marehemu ______". Ukiiga kiolezo cha intaneti utajikuta marehemu anakaribisha wageni.

Saa ziandikwe kwa Kiswahili na kipindi cha siku kitajwe: saa 8:00 mchana, saa 10:00 alasiri, saa 2:00 usiku. Programu nyingi za kuchorea huja na saa za Kizungu, na mtu akiandika "8:00" bila kipindi, mgeni wa Muscat au Nairobi atakuja wakati mnaosha sufuria. Ndoa ikifungwa baada ya swala, taja swala na saa pamoja: "baada ya swala ya Alasiri, saa 10:00".

Kuna mtego mwingine wa pwani: "usiku wa Ijumaa". Kwa wazee ni usiku wa kuamkia Ijumaa, kwa vijana ni Ijumaa yenyewe jioni. Andika "Alhamisi usiku, kuamkia Ijumaa" na tarehe yake, na hakuna atakayekosea. Tarehe ya Hijria ina uzuri wake, lakini inategemea kuandama kwa mwezi, na kadi huchapwa kabla mwezi haujaonekana. Ukiitaka, taja mwezi na mwaka tu, acha siku.

Mahali: Ngamiani ina barabara za namba, hivyo "Ngamiani, Barabara ya 9" ni mwanzo mzuri, lakini barabara ni ndefu. Ongeza alama moja isiyohama: msikiti, shule, kituo cha mafuta. Kwa Raskazone, Sahare au Pongwe, weka na msimbo wa QR unaofungua ramani. Uwe na upande usiopungua milimita 25, mweusi juu ya nyeupe, na nafasi tupu kuuzunguka. Wa dhahabu juu ya krimu simu haiusomi. Na uwe ule unaobeba kiungo chenyewe moja kwa moja. Baadhi ya tovuti hutoa msimbo wa majaribio unaopita kwao kwanza, ukaisha muda kabla ya siku yenyewe.

Kadi ya kuomba mchango ni kazi nyingine kabisa na isichanganywe na ya mwaliko. Itoke miezi miwili hadi mitatu kabla, iwe nyepesi (karatasi ya gramu 160 hadi 200 kwa mita ya mraba yatosha), na ibebe vitu vinne vinavyoonekana upesi: harusi ya nani, mwisho wa kupokea michango, namba ya kulipia, na jina linalojitokeza mtu anapolipa. Jina hilo likikosekana, mchangaji huona jina geni kwenye simu na kusitisha. Kabla ya kuchapa, mtu wa tatu atume shilingi mia tano kwenye namba iliyo kwenye rasimu, akiisoma kutoka kwenye rasimu yenyewe, si kutoka kwenye simu yake.

Mchoro: kanga kama ramani

Ukitaka kadi inayofanana na hapa, usihangaike na maua ya violezo vya kigeni. Kanga imekupangia kila kitu: pindo kuzunguka pande nne, mji katikati, jina kwa chini. Kanga ina upana wa sentimita 150 hivi kwa kimo cha 110, na uwiano huo unakaribia ule wa karatasi za A, kwa hiyo umbo lake linakaa vizuri kwenye A6 au A5 iliyolazwa. Pindo lichukue kama sehemu ya saba ya kimo: kwenye A5 iliyolazwa ni milimita 20 hivi. Mji ubebe maneno ya mwaliko, uwe mtupu kiasi cha kupumua. Jina liwe methali fupi kwa herufi kubwa, ndani ya kisanduku chake, kama "MAPENZI NI KIKOHOZI HAYAWEZI KUFICHIKA". Chagua kwa makini, maana majina mengi ya kanga ni mafumbo ya kurushiana, na shangazi wa upande wa pili atayasoma kwa jicho hilo.

Rangi za kanga ya kisutu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, zinamfaa bibi harusi na zinachapika vizuri kuliko karibu rangi nyingine zote. Usipige picha ya kanga na kuibandika. Nyuzi za kitambaa zikigongana na vitone vya mashine huzaa mawimbi ya ajabu kwenye karatasi. Chora upya kipande kimoja cha pindo kwa programu ya vekta (ya michoro ya mistari isiyopoteza ubora ikikuzwa), kisha kirudie.

Maandishi ya mwaliko yasishuke chini ya pointi 9, na saa, tarehe na ukumbi viwe 11 au zaidi, kwa kuwa kadi husomwa na bibi wa miaka sabini chini ya taa ya kibarazani. Fonti ya mwandiko wa kupinda ibaki kwenye majina ya maharusi tu. Herufi nyeupe juu ya rangi nzito ziwe nene, la sivyo wino huziba mikia yake.

Maandishi ya Kiarabu yanahitaji uangalifu wa peke yake. Programu isiyoelewa mwandiko wa kulia kwenda kushoto huzitenganisha herufi na kuzipanga kinyume, na fundi asiyeusoma haoni kosa. Weka Bismillahi kama mchoro wa vekta uliokwisha kuhakikiwa, kisha mpe rasimu ya mwisho ustadhi aisome, kwa sababu wakati wa kuhifadhi PDF mambo huweza kuvurugika tena. Aya inayopendwa kwenye kadi za ndoa ni ya 21 ya Surat Ar-Rum, inayotaja mapenzi na huruma baina ya wenza. Kadi nyingi mwishowe huokotwa chini ya viti au hutupwa jalalani, na kwa sababu hiyo familia nyingi huandika maana yake kwa Kiswahili na namba ya aya tu. Sisi tunaliona hilo kuwa ndilo la heshima zaidi.

Rangi na faili

Fanya kazi kwenye CMYK, yaani wino nne za uchapaji (siani, majenta, njano na nyeusi), tangu mwanzo. Bluu kali ya kwenye simu hugeuka zambarau kwenye karatasi. Ukitaka ibaki bluu, majenta iwe pungufu ya siani kwa asilimia 30 au zaidi, mfano siani 100, majenta 60. Maandishi meusi yawe ya wino mweusi pekee, K 100. Yakichanganywa rangi nne, mashine ikihama kidogo tu kila herufi huota kivuli chekundu.

Dhahabu ya kioo cha simu haichapiki. Wino wa kawaida hutoa rangi ya haradali, na hapa ndipo wateja wengi husikitika. Dhahabu ya kweli ni foili, utando mwembamba unaong'aa, inayobanwa kwa joto. Njia nafuu: chapa sehemu hizo kwa tona nyeusi (wino wa unga) ya printa ya leza, weka karatasi ya foili juu, pitisha kwenye mashine ya laminesheni yenye joto. Foili hushika tona na kuacha karatasi. Hushika tona yote, kwa hiyo foili itangulie na rangi nyingine zifuate kwa mkupuo wa pili, na mistari isiwe myembamba kuliko nusu pointi.

Faili ya A5 iwe na pikseli 1748 kwa 2480, ya A6 iwe 1240 kwa 1748. Ongeza milimita 3 za kukatwa kila upande pale rangi inapofika ukingoni, na maneno yakae milimita 5 ndani ya mstari wa kukata. Pindo ama lipite nje kabisa, ama liingie ndani milimita 6: likiwa milimita 2 tu kutoka ukingoni, kisu kikihama kidogo upande mmoja utaonekana mnene. Badilisha herufi kuwa michoro, hifadhi kama PDF, na kwenye WhatsApp itume kama hati. Ukituma kama picha, programu huibana na herufi hutoka na ukungu.

Karatasi, na hewa ya Tanga

Kadi ya mwaliko inataka gramu 250 hadi 300 kwa mita ya mraba. Karatasi inayong'aa hutoa rangi nzuri, lakini peni ya kawaida huteleza juu yake na ya jeli huchafuka kidole kikipita. Kadi inayoandikwa jina la mgeni kwa mkono iwe ya karatasi isiyopakwa, au inayong'aa upande mmoja tu. Jaribu kwa peni ileile itakayotumika, subiri dakika moja, sugua kwa kidole.

Epuka kadi za printa ya wino kama zitashikwa kwa jasho: wino wa maji huvuja. Tona ya leza haivuji.

Unyevu ndio adui mkuu, hasa wakati wa masika, Machi hadi Mei. Karatasi ikivuta maji hewani kisha ikapita kwenye joto la printa, maji hutoka ghafla: karatasi hupinda, kingo hufanya mawimbi, mashine hukwama. Acha bunda likiwa limefungwa mpaka siku ya kuchapa, na lililobaki lirudishwe kwenye nailoni yake. Laminesheni ya upande mmoja ndiyo huharibu kadi nyingi hapa. Upande wenye plastiki haupanuki, ule mtupu unavuta unyevu na kupanuka, na baada ya siku mbili kadi zote zimejikunja kuelekea plastiki. Laminisha pande zote au usilaminishe kabisa, na kumbuka iliyolaminishwa haiandikiki.

Bahasha za gundi ya kulamba nazo hujifunga zenyewe ndani ya boksi. Zihifadhi vifuniko vikiwa wazi, zikipishana, ndani ya ndoo yenye mfuniko, kisha uzifunge kwa stika.

Karatasi ya SRA3 (320 kwa 450) hutoa kadi nne za A5 pamoja na ziada ya kukata, kwa hiyo kadi 200 ni karatasi 50, chukua 55. A6 zinatoka nane, lakini kwa ziada ya milimita 3 zinabana mno kwenye urefu, na mashine haichapi mpaka ukingoni. Punguza iwe milimita 2. Kwa duka la steshenari lenye printa ya A4 tu, chora kadi yenye ukingo mweupe pande zote. Hapo A4 moja inatoa A5 mbili kamili au A6 nne, bila kupoteza kitu.

Kadi ya kukunja ina mambo mawili. Kwanza mwelekeo wa nyuzi: pinda karatasi kidogo bila kuivunja, kwa urefu kisha kwa upana. Upande unaokubali kwa urahisi ndio mkunjo ufuate. Ukikunja kinyume, mgongo hupasuka, na kama kuna rangi nzito juu yake mpasuko mweupe huonekana toka mbali. Pili, piga mstari kwanza kwa rula ya chuma na peni iliyokwisha wino, juu ya gazeti lililokunjwa mara mbili. Piga upande wa nje wa kadi, kisha kunja ili kifereji kibaki nje na kinundu kiingie ndani. Wengi hukunja kuelekea kifereji, na hapo ndipo karatasi hupasuka.

Usichape zote kabla ya moja. Chapa kadi moja kwenye karatasi halisi, ikate, ikunje, itie kwenye bahasha, andika jina, iache usiku kucha mezani dirisha likiwa wazi. Asubuhi mpe mtu ambaye hajawahi kuiona aisome kwa sauti, kuanzia mwisho kwenda mwanzo, akikagua siku na tarehe kwenye kalenda.

Kamba ya katani na kugawa

Mkonge umelimwa mkoa huu tangu 1893, na kamba yake huifanya kadi ya kawaida ionekane ya hapa. Tafuta nyembamba ya milimita 1 hadi 2. Kuizunguka A6 kwa upana ni sentimita 21, na fundo linataka 24 hivi, jumla 45. Kadi 200 ni mita 90, nunua 100. Katani mbichi hutoa vinyweleo vinavyoshika kwenye foili. Vuta kamba haraka juu ya mwali wa mshumaa kabla ya kukata, mbali na karatasi, kisha ifute kwa kitambaa kikavu. Ikilowa huota ukungu na kuacha doa la kahawia, kwa hiyo funga kadi karibu na siku ya kuzigawa.

Wageni wa mbali wapate kadi wiki sita kabla, wa mjini wiki tatu au nne. Shaabani na Mfungo Mosi, kabla na baada ya Ramadhani, mashine hujaa kazi, kwa hiyo peleka faili wiki mbili mapema kuliko kawaida. Kadi ya simu iwe mchoro tofauti, pikseli 1080 kwa 1920, yenye herufi kubwa na maneno machache. Ile ya karatasi ikipunguzwa haisomeki. Wazee hawatumiwi kadi kwenye simu. Hupelekewa nyumbani na mtu wa familia, jina limeandikwa kamili na heshima yake: Shekhe, Alhaji, Mwalimu, Dkt.

Vya mezani vichapwe mwisho, baada ya majibu kuingia, kwa karatasi na pindo lilelile. Namba ya meza ni A5 iliyokunjwa kuwa A6, tarakimu yenye kimo cha sentimita 5 au zaidi ili isomwe kutoka mlangoni. Menyu moja kwa watu wanne inatosha. Kama tafrija ni ufukweni, upepo wa jioni huziangusha kadi za kukunja zote. Chapa kitako chenye ulimi wa milimita 15 unaoingia chini ya sahani, au zipachike kwenye kijiti kilichosimamishwa ndani ya glasi yenye mchanga.